Kinundu cha mfupa ndani ya paji la uso: je, lazima nipasuliwe?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, ni fundi cherehani hapa Tanga. Mwaka wa nne sasa kichwa kinanisumbua upande wa kushoto, juu ya jicho. Nikiinamia cherehani au nikisujudu nahisi kitu kizito kinaangukia mbele. Mara tatu au nne kwa mwaka napata mafua yasiyoisha, makamasi ya njano, upande huo huo. Halafu kuna siku kichwa chote kinagonga, natapika, sitaki kuona mwanga, hasa nikikaribia siku zangu. Mama mkwe anasema ni kipandauso, nimeshachanjwa chale mara mbili. Mwezi uliopita nikapigwa CT scan, majibu yanasema nina osteoma ya milimita 14 ndani ya sainasi ya paji, kushoto, karibu na mlango wake. Daktari wa kwanza kasema niachane nayo. Wa pili kasema nikafanyiwe upasuaji wa kamera kupitia puani. Shangazi anasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa, na wakikupasua kichwa unapofuka. Nikiwa na miaka tisa nilianguka kutoka kwenye mwembe, huenda ndiyo chanzo? Na mwakani tunataka kuongeza mtoto. Nifanyeje? Ni saratani hii?"*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianzie mwisho wa barua yako, maana naamini hilo neno la mwisho ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, osteoma si saratani. Ni mfupa uliozidi, basi. Ukiuchukua ukaukata vipande vyembamba ukauweka chini ya hadubini, utaona mfupa wa kawaida kabisa, isipokuwa umeota mahali ambapo haukuhitajika. Haugeuki kuwa saratani hata ukikaa nao hadi uzeeni, na wengi hukaa nao hadi uzeeni bila kujua. Katika watu 100 wanaopigwa CT scan ya sainasi, yaani vyumba vya hewa vya mifupa ya uso, kwa sababu yoyote ile, hadi watatu hukutwa nao. Wengi wao walikwenda kwa jambo jingine kabisa, mfano ajali ya bodaboda, wakarudi nyumbani na neno jipya la kuwatia hofu.

Kuhusu mwembe, siutetei wala siuhukumu. Kuumia kichwani ni moja ya maelezo matatu yanayotolewa tangu zamani. Mengine ni uambukizo wa muda mrefu, na lile la kwamba osteoma hupenda kuota pale mfupa wa paji unapokutana na mifupa midogo ya katikati ya pua, kwa kuwa mifupa hiyo miwili huumbika kwa njia tofauti mtoto akiwa tumboni. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza wagonjwa wote. Kwako halibadilishi chochote katika matibabu, kwa hiyo uache mwembe upumzike.

Sasa shangazi. Maneno ya kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa nimeyasikia kliniki mara nyingi kuliko jina langu. Najua yanakotoka. Mtu anakaa na saratani mwaka mzima akizunguka kwa waganga, anafika hospitali imeshatambaa, anapasuliwa, anafariki baada ya miezi miwili, na msiba mzima unakilaumu kisu. Osteoma haina njia ya kusambaa. Haiingii kwenye damu, haihamii kwenye tezi, haiendi kwenye mapafu. Kinachoweza kutokea ni kwamba daktari akiacha kipande, kipande hicho kinaweza kuota tena polepole mahali pale pale. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Na mama mkwe, kwa heshima zote. Kipandauso ni jina la mahali panapouma, si jina la ugonjwa. Chini ya neno hilo hukaa sainasi zilizojaa usaha, hukaa kipandauso cha kweli kile cha mishipa na neva ambacho madaktari hukiita migreni, hukaa macho yanayohitaji miwani, hukaa na presha. Chale haifiki huko. Wembe unachana ngozi, na nyuma ya ngozi kuna ukuta wa mfupa, na osteoma iko ndani ya ukuta huo. Ulichokipata ni makovu mawili, na kama wembe ulikuwa umetumika kwa mwingine, kuna hatari ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Tafadhali kapime vyote viwili, kwa utulivu, bila kugombana na mtu nyumbani. Kujifukiza kwa maji ya moto hakuna kosa, kunalegeza kamasi, mradi usijiunguze. Ugoro na dawa za unga za kunusa achana nazo. Hakuna dawa ya kunusa, ya kunywa wala ya kupaka inayoyeyusha mfupa.

Tukishaondoa hayo, tuingie kwenye chumba chenyewe.

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, ndivyo tunavyoviita sainasi. Viwili vya paji vipo juu ya macho, kushoto na kulia, vikitenganishwa na ukuta mwembamba. Kila chumba kimepakwa utando unaotoa ute, na utando huo una vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyosukuma ute huo kama watu wanaopokezana ndoo kwenye moto, kuelekea mlango mmoja tu. Mlango uko chini ya chumba, nao unashuka kwa njia nyembamba hadi puani. Njia hii ndiyo kiini cha habari yako yote. Chumba chenyewe kinaweza kuwa kipana, lakini mlango wake ni finyu, tena umezungukwa na majirani wakubwa: upande mmoja jicho, nyuma ubongo.

Kinundu cha milimita 14 kikiota juu kabisa ya chumba kipana hakimsumbui mtu. Kinundu hicho hicho, hata cha milimita 6, kikikaa mlangoni, ute unakwama. Ute uliokwama unaota wadudu, unakuwa wa njano, shinikizo linapanda, ukiinama unahisi kitu kinaangukia mbele. Umekielezea vizuri kuliko baadhi ya vitabu. Mlango ukifungwa kwa miaka, chumba kinaweza kugeuka mfuko wa ute unaovimba taratibu na kuusukuma ukuta wa jicho. Ndiyo maana nikipewa karatasi ya majibu sitazami kwanza ukubwa. Natazama kinundu kimekaa wapi kuhusiana na mlango, kimeshikamana na ukuta upi, na nyuma yake chumba kina hewa au kimejaa.

Lakini kuna jambo barua yako inalisema bila wewe kujua. Una vichwa viwili vinavyouma.

Cha kwanza ni hiki cha kushoto juu ya jicho, kinachokuja na makamasi ya njano, kinachozidi ukiinama. Hiki kinaweza kuwa cha osteoma, kwa kupitia mlango ulioziba. Cha pili ni kile kinachogonga kichwa chote, na kutapika, na kuchukia mwanga, na kufuata kalenda ya siku zako. Hicho kina sura ya migreni, na migreni haijali kama una mfupa wa ziada au huna. Wanawake wengi hupata migreni karibu na hedhi kwa sababu kiwango cha homoni ya estrojeni hushuka siku hizo. Osteoma haijui tarehe.

Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kuniumbua. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwondolea kijana mmoja osteoma, kazi safi, picha za baada ya upasuaji nikawa nawaonyesha wanafunzi kwa majivuno. Baada ya miezi miwili akarudi na kichwa kile kile. Mfupa ulikuwa umeondoka, maumivu hayakuwa yake. Tangu siku ile sikubali kumpeleka mtu theatre kwa ajili ya kichwa kabla sijajua ni kichwa kipi.

Kwa hiyo chukua daftari lako la oda za nguo, kurasa za nyuma. Kwa wiki sita andika kila siku kichwa kinapouma: upande gani, kinagonga au kinabana, makamasi yapo au hayapo, mwanga unasumbua au hausumbui, siku ya ngapi ya mzunguko, na umemeza nini. Hilo la mwisho usilidharau. Anayemeza Panadol au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, anaweza kutengenezewa kichwa na dawa zenyewe. Hukuniandikia unameza ngapi, na fundi cherehani mwenye oda za sikukuu namjua. Zile dawa za matone za kuzibua pua nazo zisizidi siku tano mfululizo, maana baada ya hapo zinaziba zaidi ya zilivyozibua.

Sasa madaktari wako wawili. Unadhani mmoja amekosea, na sidhani hivyo. Huyu wa kwanza ameona kinundu kidogo kisicho na haraka, na kweli osteoma inakua kwa mwendo wa kobe. Utafiti mmoja wa Finland uliochapishwa 1997 ulipima picha za wagonjwa kwa miaka na kupata wastani wa milimita 1.6 hivi kwa mwaka, wengine chini ya nusu milimita, wachache hadi 6. Huyu wa pili ameona mlango. Wote wamesoma picha ile ile, kila mmoja akaanzia pembe yake.

Kwa kawaida tunamwacha mtu na osteoma yake ikiwa haimsumbui, haijaziba njia, na haijatoka nje ya sainasi. Anarudia picha baada ya miezi sita hadi mwaka, kisha kwa vipindi virefu zaidi kama haibadiliki. Tunafikiria kuiondoa ikiwa imeleta uambukizo wa sainasi unaojirudia, ikiwa inakua kwa kasi, ikiwa imejaza zaidi ya nusu ya sainasi ya paji, ikiwa imeziba au inaelekea kuziba mlango, au ikiwa imeanza kusukuma jicho au ukuta wa ubongo. Wewe uko katikati. Mlango upo kwenye majibu yako, na mafua ya upande mmoja yapo kwenye barua yako.

Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekwambia hivi: mwezi huu sikupasui. Kwanza tunatibu sainasi inavyostahili, dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe wa utando, kuosha pua kwa maji ya chumvi, antibayotiki pale tu inapohitajika. Wakati huo huo tunaitibu migreni kama migreni. Baada ya miezi mitatu tunafungua daftari. Ikiwa kichwa cha kushoto na makamasi yake vinaendelea kurudi, na CT scan inaonyesha chumba nyuma ya kinundu kimejaa, hapo nami ningesimama na daktari wako wa pili bila kusitasita. Ikiwa kilichobaki ni siku za kichwa kugonga na kutapika tu, ningesimama na wa kwanza.

Najua unataka kujua huo upasuaji ukoje, maana neno "kupasua kichwa" linatisha, na watu wengine wanasema eti ni mionzi. Si mionzi. Ni darubini nyembamba, unene wake milimita 4, yenye taa na kamera, inayoingizwa kwenye tundu la pua. Kuna zinazotazama mbele moja kwa moja na kuna zinazotazama kwa pembe, nyuzi 45 au 70, na za pembe ndizo tunazohitaji kuchungulia juu kwenye paji. Picha inatokea kwenye skrini. Unapewa nusukaputi, hujui kinachoendelea, na hakuna mkato wowote usoni.

Kwanza tunafungua njia. Tunaondoa vikuta vyembamba vya mfupa vilivyo kati ya pua na paji, kidogo kidogo, hadi mlango wa sainasi uonekane wazi. Wengi wetu hutumia pia mtambo wa kuongoza, unaoonyesha juu ya CT scan yako mwenyewe ncha ya kifaa iko wapi muda huo, kama ramani ya simu inavyoonyesha gari. Kisha kinundu kinaonekana, kimefunikwa na utando wa waridi, na chini yake mweupe. Kuna osteoma laini zenye matundu kama sifongo, na kuna zile ngumu, nyeupe kama pembe ya ndovu, ambazo ndizo zinazotutoa jasho.

Huwezi kukivuta kizima kizima, maana kinundu kinakuwa kikubwa kuliko mlango. Hapa ndipo huwaambia wanafunzi wangu wa Pwani wamkumbuke bibi na mbuzi ya nazi. Tunachukua keekee ndogo yenye kichwa cha almasi, iliyopinda, inayomwagiliwa maji muda wote isichome mfupa, na tunakikuna kinundu kutoka ndani. Unga mweupe wa mfupa unachuruzika na maji, mrija unaufyonza. Tunakuna katikati hadi kibaki kifuu. Pembeni hatugusi mapema, kwa sababu nyuma ya kifuu hicho ndipo jicho na ubongo vilipo, na kifuu ndicho kinachovilinda. Kikishakuwa chembamba tunakitikisa, tunakitenga na ukuta kilikoshikamana, kinavunjika, tunatoa vipande kimoja kimoja kupitia puani. Anayeharakisha hapa anajitafutia balaa. Mimi nikisikia mlio wa keekee umebadilika, nasimama, naangalia ramani upya.

Si jambo la jana. Upasuaji wa sainasi kwa darubini ulikuzwa Graz, Austria, na Walter Messerklinger, ukaenea duniani miaka ya 1980. Paji lilibaki gumu hadi Wolfgang Draf, pale Fulda, Ujerumani, alipoeleza mwaka 1991 namna za kulifungua kwa hatua, kuanzia kupanua mlango mmoja hadi kuunganisha milango ya pande zote mbili iwe mmoja mpana. Kabla ya hapo osteoma ya paji ilimaanisha mkato, ama pembeni ya jicho, ama juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio nyuma ya mstari wa nywele, uso ukashushwa kama pazia.

Mkato huo haujafa, na usimwogope daktari anayeutaja. Kamera si dini. Mwaka 2005 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walipanga osteoma za paji kwa madaraja manne. Zile ndogo zilizoshika chini na nyuma, upande wa ndani wa mstari unaopanda kutoka kwenye ukuta wa jicho, ndizo rahisi zaidi kwa kamera. Kadiri kinundu kinavyokwenda pembeni kuelekea kwenye nyusi, au kinavyoshika ukuta wa mbele, au kinavyojaza chumba chote, ndivyo vifaa vya puani vinavyoshindwa kukifikia. Vifaa vimeboreka tangu wakati huo na mpaka umesogea, wengine huchanganya puani na mkato mdogo kwenye kope la juu. Hata hivyo kanuni imebaki ile ile, njia inachaguliwa na mahali kinundu kilipo. Chako, kwa maelezo ya majibu, kiko chini karibu na mlango, na hapo kamera inafika vizuri. Lakini karatasi haitoshi, lazima picha zenyewe zitazamwe.

Hatari zipo, sitazificha. Ukuta wa nyuma wa sainasi ya paji ni mwembamba, na ukitoboka, ugiligili unaozunguka ubongo unaweza kuvuja puani. Mara nyingi huonekana pale pale theatre na kuzibwa kwa utando wa pua yako mwenyewe. Ukuta wa jicho ukijeruhiwa, damu inaweza kukusanyika nyuma ya jicho, na hapo dakika zina thamani. Shangazi hajazua kabisa, kupofuka kumeandikwa katika vitabu vya upasuaji huu. Ni nadra, na kunapungua sana mikononi mwa aliyeizoea kazi. Kuna kutokwa damu, kuna kupungua kunusa. Ninachokiogopa zaidi mimi, kwa kuwa ndicho kinachotokea kimyakimya, ni mlango kupona kwa kovu na kujifunga tena. Ndiyo maana anayefanyiwa halafu asirudi kusafishwa pua kliniki amefanyiwa nusu ya upasuaji.

Baada ya hapo, wengi hulala hospitali usiku mmoja au miwili. Pua inaziba, inachuruzika damu kidogo, unapumua kwa mdomo na koo linakauka. Kwa wiki mbili za mwanzo hupengi kamasi, na chafya ikija unafungua mdomo itokee huko. Hubebi ndoo ya maji, hupigi deki, hufui kwa kuinama, hupandi ndege. Sala unasali umekaa, ukiashiria kwa kichwa kidogo, ruhusa ya mgonjwa unaijua kuliko mimi. Cherehani isubiri, au inua meza ili usiinamie. Kisha kuosha pua kila siku: nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya kikombe cha robo lita, na maji yawe yamechemshwa yakapoa. Maji ya bomba moja kwa moja hapana, kuna vimelea ambavyo tumbo linavistahimili lakini pua haivistahimili.

Kuhusu mtoto. Osteoma haizuii mimba wala haimdhuru mtoto. Ni suala la mpangilio tu. Upasuaji usio wa dharura hatuufanyi mama akiwa mjamzito, na CT scan tunaikwepa. Kingine, ujauzito wenyewe huvimbisha utando wa pua kwa wanawake wengi, na mlango uliokuwa finyu unazidi kuwa finyu. Kwa hiyo ile miezi mitatu ya daftari na dawa ifanye kabla hujaacha uzazi wa mpango. Ikiamuliwa upasuaji, ufanyike kwanza, pua ipone, ndipo mpange. Mwambie daktari mapema pia kwamba unataka kushika mimba, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzuia migreni hazimfai mjamzito.

Maswali mawili mafupi ningekuuliza kliniki. Umewahi kuambiwa una vinundu vingine vya mfupa, kwenye taya labda, au meno ya ziada, au uvimbe laini chini ya ngozi? Na kwenu kuna aliyeugua saratani ya utumbo mpana akiwa bado kijana? Kuna hali ya kurithi, inaitwa sindromu ya Gardner, ambayo osteoma nyingi huandamana na vinyama vingi kwenye utumbo mpana, na vinyama hivyo ndivyo vinavyogeuka saratani visipotibiwa. Osteoma moja peke yake, kama yako, kwa kawaida haimaanishi hivyo. Majibu yakiwa ndiyo kwa swali lolote, omba uchunguzwe utumbo.

Yapo mambo ambayo hayangoji daftari wala miezi mitatu. Jicho la kushoto likianza kuvimba au kutokeza nje, ukiona vitu viwiliviwili, au uoni ukipungua. Paji likivimba likawa laini linabonyea. Kichwa kikali pamoja na homa na shingo kukakamaa, au kuchanganyikiwa. Maji yasiyo na rangi kabisa, mepesi, yenye ladha ya chumvi, yakidondoka tundu moja la pua ukiinama. Lolote kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na waambie una osteoma ya sainasi ya paji.

Kama hakuna hayo, omba rufaa kwa utaratibu. Kutoka Tanga, hospitali za KCMC kule Moshi na Muhimbili Dar es Salaam zina idara za masikio, pua na koo. Ukikutana na daktari muulize bila aibu: wewe mwenyewe umeshafanya ngapi za paji, kuna mtambo wa kuongoza, kamera ikishindwa katikati mtafanya nini, na nani atanisafisha pua baadaye? Daktari mzuri hakasirikii maswali hayo. Kama una bima, pata kibali kwa maandishi kabla ya tarehe, si siku ya kulazwa.

Na usibebe karatasi ya majibu peke yake. Rudi pale ulipopigiwa CT scan uwaombe picha zote kwenye CD, ikiwemo zile zilizokatwa kwa ubavu, maana kwenye hizo za ubavu ndipo mlango unaonekana.